Barua za skana na muswada uliofia Seneti: uchambuzi wa kisa cha MPHJ

Kuanzia Septemba 2012, biashara ndogo kote Marekani zilianza kuletewa barua na kampuni ambazo hazijawahi kuzisikia. Majina ya kampuni hizo yalikuwa ya herufi sita zisizo na maana yoyote: AdzPro, GosNel, JitNom. Ujumbe ulikuwa mmoja. Ikiwa ofisini kwenu mnaweka karatasi kwenye mashine, mnabonyeza kitufe, na nakala inakwenda moja kwa moja kwenye barua pepe, basi mnatumia uvumbuzi wenye hataza (patent, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi) ya mtu mwingine na mnatakiwa mlipie leseni. Bei ilikuwa dola 1,000 hadi 1,200 kwa kila mfanyakazi.

Kwa kila mfanyakazi, si kwa kila mashine. Ofisi yenye watu 20 na skana moja kwenye kona ilikuwa inadaiwa dola 20,000 au zaidi kwa kutumia kifaa ilichokinunua kihalali, kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana, tena kwa kazi ileile ambayo mtengenezaji alisema kifaa kinaifanya.

Nyuma ya majina hayo yote ilikuwepo kampuni moja, MPHJ Technology Investments. Haikutengeneza skana wala programu ya skana. Ilinunua hataza zinazohusu kuskani nyaraka kupitia mtandao wa kompyuta, kisha ikatuma madai kwa kutumia kampuni tanzu 81. Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, ilipokuja kuhesabu ilikuta biashara ndogo 16,465 zimeandikiwa, katika majimbo yote 50.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinafichua kasoro ya mageuzi ya sheria ya hataza yaliyojaribiwa Washington miaka ileile. Watu hawa waliumizwa na barua. Hakuna aliyehitaji kusimama mbele ya jaji ili aumie. Bunge lilipoamua kutunga sheria, nguvu zake karibu zote zilikwenda kwenye yale yanayotokea baada ya kesi kufunguliwa, na ule upande wa barua, ambao ungeweza kupita kwa urahisi zaidi, ulifungwa pamoja na ugomvi wa gharama za mawakili ukazama nao.

Barua moja, ya pili, ya tatu

Inafaa kuzitazama barua zenyewe kwa karibu, maana mbinu yote imo ndani yake.

Ya kwanza ilikuwa na lugha ya upole. Ilimwambia mpokeaji kuwa ametambuliwa kama mtu ambaye huenda anatumia teknolojia iliyolindwa, ikaeleza mpangilio wa mashine na barua pepe unaohusika, kisha ikamtaka athibitishe kuwa hautumii au anunue leseni. Zingatia mzigo umemwangukia nani. Anayedai hakuja kukagua mashine yako. Hajui una skana ya aina gani, wala hajui kama unayo. Wewe ndiye unayetakiwa kumwandikia mgeni huyu kueleza ofisi yako inavyofanya kazi, na kila unachokiandika kinaweza kugeuzwa ushahidi dhidi yako.

Katika zaidi ya barua 9,000 mpokeaji aliambiwa kuwa kampuni nyingi nyingine zimekwisha kukubali kulipa maelfu ya dola. FTC ilisema madai hayo hayakuwa kweli. Kwangu mimi hapa ndipo uovu ulipo hasa. Mfanyabiashara mdogo asiye na wakili wa hataza hana njia ya kupima kama hataza ni imara au dhaifu. Kipimo alichonacho ni kuangalia wenzake wamefanya nini. Ukimdanganya kuhusu wenzake, umemnyang'anya kipimo chake cha pekee.

Asiyejibu alifuatwa na barua nyingine, na hatimaye na ya tatu kutoka kampuni ya mawakili. Zaidi ya 4,800 za aina hii zilitumwa. Zilitishia kwamba kesi itafunguliwa usipojibu ndani ya wiki mbili au hivi, na zilikuja na rasimu ya hati ya mashtaka yenye jina lako kama mshtakiwa. Kwa mujibu wa FTC, wakati barua hizi zinatumwa hapakuwa na nia ya kushtaki wala matayarisho yoyote ya kufanya hivyo.

Kwa nini mtu mwenye akili timamu alipe? Kwa sababu hesabu inamwambia alipe. Kesi ya hataza Marekani, hata ikiwa ndogo, inaweza kumeza mamia ya maelfu ya dola kabla ya hukumu, na kwa kawaida kila upande hujilipia wakili wake hata ukishinda. Hata kumlipa wakili asome hataza kadhaa na kuandika jibu la kueleweka ni gharama. Mwenye nguvu mpishe, wahenga walisema, na barua hizi zilipangiwa bei ya kumfanya mtu apishe.

Na kwa nini kampuni tanzu 81? Kila moja ilipewa eneo lake au aina yake ya biashara. Aliyeandikiwa katika jimbo moja aliona jina moja, na wa jimbo la jirani akaona jingine. Ukitafuta jina hilo huoni chochote. Huwezi kujua kama uko peke yako au mko elfu kumi, na mtu anayedhani yuko peke yake ni rahisi kumkamua.

Hataza hizi zilikuwa na historia kabla ya MPHJ, na historia hiyo inasema mengi. Mmiliki aliyetangulia, Project Paperless, aliifikia BlueWave Computing, kampuni ya huduma za kompyuta ya Atlanta yenye wafanyakazi wapatao 130. Kwa dola 1,000 kwa kichwa, deni lilikuwa karibu dola 130,000. BlueWave iligoma. Iliposhtakiwa, ikawaingiza watengenezaji wa mashine zenyewe katika shauri, na muda si mrefu mlalamikaji akaiondoa kesi. Baadaye hataza zikahamia MPHJ na wimbi la barua likaanza. Somo walilolipata wamiliki, inavyoonekana, lilikuwa kwamba mahakamani ni hatari kwao na sanduku la posta ni salama.

Vermont yachukua hatua

Vermont ni jimbo dogo, watu laki sita na ushee. Miongoni mwa walioandikiwa huko lilikuwemo shirika lisilo la faida linalowahudumia majumbani watu wenye ulemavu wa ukuaji, kwa fedha za serikali ya jimbo na ya shirikisho. Yaani fedha za umma za kumtunza mlemavu zilikuwa zinaombwa kama ada ya kubonyeza kitufe cha skana.

Mei 2013 Mwanasheria Mkuu wa jimbo, William Sorrell, aliishtaki MPHJ katika mahakama ya jimbo. Alichokifanya ni cha busara kuliko kinavyoonekana. Hakudai kwamba hataza ni batili, wala hakudai kwamba biashara za Vermont hazikuzikiuka. Maswali hayo ni ya mahakama za shirikisho, na angeyagusa angeondolewa uwanjani siku ya kwanza. Alitumia Sheria ya Kulinda Walaji: ninyi mmewaambia watu wa Vermont mambo ya uongo ili wawape fedha. Mwenye hataza nzuri kabisa bado hana ruhusa ya kusema uongo kwenye barua.

Mwezi huohuo, tarehe 22 Mei 2013, Gavana Peter Shumlin alitia saini sheria ya kwanza ya aina yake nchini humo, inayopiga marufuku madai ya hataza yanayotolewa kwa nia mbaya. Inastahili kusomwa na yeyote anayetunga sheria za aina hii. Haikuitafsiri nia mbaya kwa sentensi moja. Iliipa mahakama dalili za kuangalia. Je, barua imetaja namba ya hataza? Imetaja jina na anwani ya mmiliki? Imeeleza bidhaa au huduma ya mpokeaji inagusa vipi uvumbuzi? Kabla ya kutuma, mtumaji alilinganisha hataza na kile mpokeaji anachokifanya? Ametaka malipo kwa haraka isiyo ya kawaida, au kwa kiasi kisicho na uwiano? Upande wa pili kuna dalili za nia njema: mdai ndiye mvumbuzi wa asili, au ni chuo kikuu, au amewekeza katika kuutumia uvumbuzi wake.

Kisha kuna meno. Mahakama ikiona uwezekano wa nia mbaya inaweza kumtaka mdai aweke dhamana ya hadi dola 250,000. Mpokeaji wa barua anaweza kufungua kesi mwenyewe, adai fidia na gharama za wakili, na adhabu ya dola 50,000 au mara tatu ya jumla ya hasara na gharama zake, chochote kilicho kikubwa zaidi. Kwa mara ya kwanza, aliyeandikiwa barua alikuwa na kitu cha kumrudishia mwandishi. Majimbo mengine yaliiga, na katika miaka michache zaidi ya 30 yalikuwa na sheria za namna hiyo.

MPHJ haikukaa kimya. Ilihangaika kuihamishia kesi ya Vermont katika mahakama ya shirikisho, ambako ingeweza kusema kwamba sheria ya hataza ya nchi inaizidi sheria ya jimbo. Jaji William Sessions aliirudisha kwenye mahakama ya jimbo Aprili 2014, na jaribio jingine la kuihamisha liliishia katika Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho, ile inayosikiliza rufaa za hataza za nchi nzima, ambayo Septemba 2015 nayo ilisema kesi irudi Vermont. Zaidi ya miaka miwili ilipita wakibishania mlango wa kuingilia.

Nebraska ilionja upande mchungu. Mwanasheria Mkuu wake, Jon Bruning, aliiamuru kampuni ya mawakili iliyokuwa ikituma barua hizo iache kabisa kuandikia watu wa Nebraska. Jaji Joseph Bataillon aliizuia amri hiyo, kwa sababu iliwafunga mdomo mawakili kabla ya kuthibitishwa kosa lolote na kuingilia uhuru wa kusema wanaolindiwa na Marekebisho ya Kwanza ya Katiba. Nakubaliana na jaji. Ulinganishe uamuzi wa Bruning na wa Sorrell uone tofauti: mmoja alikataza barua, mwingine alishtaki uongo uliomo ndani ya barua.

Yaliyotokea Washington

Desemba 5, 2013, Baraza la Wawakilishi lilipitisha Innovation Act, muswada wa Bob Goodlatte wa Virginia, kwa kura 325 dhidi ya 91. Wingi huo ulikuwa nadra katika Bunge la miaka hiyo, na ulitoka katika vyama vyote viwili. Januari iliyofuata Rais Obama aliuomba muswada wa hataza katika hotuba yake ya hali ya taifa.

Ndani yake mlikuwa na nini? Anayeshindwa kesi ya hataza angelipa gharama za mshindi, isipokuwa aonyeshe kwamba msimamo wake ulikuwa na msingi wa kuridhisha. Hati ya kufungua kesi ingepaswa kutaja ni kifungu gani cha hataza kimekiukwa, na bidhaa gani, na vipi. Mdai angefichua nani hasa ananufaika na hataza. Zoezi ghali la kudaiana nyaraka lingebanwa hadi mahakama itafsiri hataza kwanza. Na mteja aliyenunua kifaa angeweza kuomba kesi yake isimamishwe huku mtengenezaji akipambana.

Hicho cha mwisho kinagusa moja kwa moja mwenye skana ofisini. Lakini isome tena orodha hiyo ukiwa umeshika barua ya MPHJ mkononi. Kila kifungu kinaanzia siku kesi inapofunguliwa. Huwezi kuomba kesi isimamishwe kama hakuna kesi. Huwezi kulipwa gharama na aliyeshindwa kama hakuna aliyeshindwa. Kuhusu barua zenyewe, muswada ule ulisema kwamba barua isiyo na maelezo ya kutosha haiwezi kutumika kuthibitisha kuwa mtu amekiuka hataza kwa makusudi, ukaongeza tamko la mtazamo wa Bunge kwamba barua za kukwepakwepa ni matumizi mabaya ya mfumo. Tamko la mtazamo halimshurutishi mtu yeyote.

Katika Seneti mambo yalikuwa tofauti, na hapa Vermont inarudi tena. Mwenyekiti wa Kamati ya Sheria ya Seneti alikuwa Patrick Leahy, seneta wa jimbo hilohilo la Vermont. Novemba 2013 aliwasilisha muswada wake pamoja na Mike Lee wa Utah. Wa kwao haukuwa na ile kanuni kali ya anayeshindwa kulipa. Ulikuwa na kitu ambacho ule wa Baraza haukuwa nacho: kutuma barua za madai ya hataza kwa nia mbaya kungetajwa wazi kuwa ni vitendo vya udanganyifu chini ya sheria inayoipa FTC nguvu. Ungewasaidia watu waleule 16,465.

Miezi ikapita katika majadiliano. Maseneta John Cornyn na Chuck Schumer walihangaikia suluhu, na fundo likabaki palepale, kwenye gharama za mawakili. Vyuo vikuu, makampuni ya dawa na bayoteknolojia, na mawakili wa walalamikaji walipinga. Hoja yao haikuwa ya kupuuzwa. Kanuni inayomtisha zimwi, kama kampuni zinazoishi kwa kudai hataza zinavyoitwa na wapinzani wake, inamtisha pia mvumbuzi mmoja mmoja ambaye hataza yake imeporwa na shirika kubwa. Yeye ndiye asiyeweza kubeba hatari ya kulipa mamilioni ya upande wa pili. Shirika kubwa linaweza. Kwa hiyo silaha iliyotungwa kumlinda mdogo dhidi ya mdai mlaghai ingeweza kugeuka ngao ya mkubwa dhidi ya mdogo mwenye haki.

Na kulikuwa na jambo jingine. Aprili 29, 2014, Mahakama ya Juu ilitoa hukumu ya Octane Fitness, kwa kauli moja, iliyoandikwa na Jaji Sonia Sotomayor. Sheria ya hataza tayari iliruhusu mahakama kumtoza gharama aliyeshindwa katika kesi za kipekee, lakini tangu 2005 mahakama ya rufaa ilikuwa imekibana kifungu hicho hadi kikawa karibu hakitumiki. Mahakama ya Juu ilikifungua: kesi ya kipekee ni ile inayojitofautisha na nyingine kwa udhaifu wa hoja au kwa namna isiyo ya busara ilivyoendeshwa, na jaji ana uhuru wa kupima. Waliokuwa wakipinga muswada wakapata la kusema: majaji wameshaanza kurekebisha, Bunge liharakishe nini?

Mei 21, 2014, mwaka mmoja kasoro siku moja tangu Shumlin atie saini, Leahy aliuondoa muswada kwenye ratiba ya kamati. Alisema hapakuwa na maafikiano ya kutosha kuhusu namna ya kuwabana walaghai bila kuwaumiza makampuni na vyuo vikuu wanaotegemea hataza. Vyombo vya habari wakati huo viliripoti kuwa kiongozi wa walio wengi katika Seneti, Harry Reid, ndiye aliyemtaka auondoe.

Simlaumu Leahy kwa kukataa kanuni ya gharama. Namlaumu, yeye na wenzake wa vyama vyote, kwa kutotenganisha. Kifungu cha barua hakikuhitaji kusubiri mabishano ya gharama yaishe. Vyuo vikuu havitumi barua 16,000 kwa majina ya kampuni za mfukoni, na kampuni ya dawa haidai dola 1,000 kwa kichwa kutoka shirika la walemavu. Wapinzani wakubwa wa muswada hawakuwa na la kupoteza katika kifungu hicho. Lakini wanaotaka mageuzi walikitumia kama nguvu ya kuvuta vilivyobaki: simulizi za wenye maduka na skana zao zilisomwa katika vikao, kisha zikatumika kusukuma vifungu ambavyo makampuni makubwa ya teknolojia ndiyo yaliyovihitaji zaidi. Makubaliano ya jumla yalipovunjika, wenye skana wakabaki walipokuwa.

Kilichoizima MPHJ

Njia iliyofanya kazi ilikuwa ile ya Sorrell, ikiendeshwa na wengi kwa wakati mmoja. Minnesota iliizuia MPHJ Agosti 2013. New York ilifunga nayo makubaliano Januari 2014. FTC ilipojiandaa kuishtaki, MPHJ iliiwahi kwa kuishtaki FTC yenyewe Texas Januari 2014, na kesi hiyo ikatupwa Septemba. Novemba 6, 2014 wakafikia suluhu, iliyothibitishwa Machi 2015: MPHJ na kampuni yake ya mawakili hawaruhusiwi kudai kwamba watu wengi wamenunua leseni, au kwamba kesi inakuja, bila ushahidi wa kuyabeba maneno hayo, na kila barua ya uongo baada ya hapo ingeweza kuwagharimu hadi dola 16,000. Ilikuwa mara ya kwanza FTC kutumia mamlaka yake ya kulinda walaji dhidi ya kampuni inayoishi kwa kudai hataza.

Adhabu ya barua zilizokwisha kutumwa haikuwepo. Hilo linauma, na ndilo pengo ambalo sheria ya Leahy na Lee ingeweza kuliziba kwa kuandika kosa waziwazi mapema.

Upande wa hataza zenyewe ulishughulikiwa na wenye uwezo. Sheria ya 2011, America Invents Act, ilianzisha utaratibu wa kuipinga hataza mbele ya ofisi ya hataza badala ya mahakamani, kuanzia Septemba 2012. Ada ya ofisi peke yake ilizidi dola 20,000, achilia mbali mawakili, kwa hiyo mwenye ofisi ya watu 20 hakuwa na nafasi hapo. HP, Ricoh, Xerox na Lexmark walikuwa nayo. Februari 2017 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ilithibitisha, majaji wawili dhidi ya mmoja, kufutwa kwa vifungu vilivyopingwa katika hataza mojawapo ya MPHJ.

Sababu ya hukumu hiyo inafaa kukumbukwa. Ili kuiokoa hataza yake, MPHJ ilidai kwamba uvumbuzi wake ni ule wa hatua moja: unabonyeza mara moja, hati inakwenda. Majaji walitazama ombi la awali lililowasilishwa kabla ya hataza, wakaona maneno ya hatua moja yalikuwemo humo, kisha yakaondolewa katika ombi la mwisho. Aliyeyaondoa alitaka hataza pana zaidi, na hataza pana ikanasa mambo yaliyokuwa yamejulikana tangu zamani. Kitufe kimoja, kilekile ambacho barua zilikitumia kuwatambua wakosaji, hakikuwa sharti la hataza hata kidogo. Biashara iliyopokea barua isingeweza kulijua hilo bila kulipia wakili apekue majalada.

Mpaka wa hoja hii

Oktoba 2016 FTC ilitoa utafiti wake kuhusu kampuni zinazodai hataza, na matokeo yake yanazuia mtu kuvuka mipaka na kisa cha MPHJ. Haikukuta kwamba biashara ya kutuma barua kwa wingi bila kushtaki ndiyo inayoingiza fedha katika sekta hiyo. Ilikuta kundi la kampuni zinazotangulia kushtaki kisha kusuluhisha. Kundi hilo lilifungua asilimia 96 ya kesi zilizochunguzwa, na kwa kawaida lilisuluhisha kwa chini ya dola 300,000, kiasi kilicho chini ya gharama ya kupigana hatua za mwanzo tu za kesi. FTC ilisema wazi kuwa kurekebisha barua peke yake hakutoshi.

Naukubali utafiti huo, na ndiyo maana nasema mambo haya ni mawili. Kesi za usumbufu zinahitaji dawa za mahakamani, na nyingi zilikuja kupitia majaji: Octane mwaka 2014, hukumu ya Alice Juni mwaka huohuo iliyodhoofisha hataza za mawazo ya jumla yaliyopakiwa kwenye kompyuta, na TC Heartland Mei 2017 iliyowazuia walalamikaji kuwaburuta washtakiwa wa nchi nzima hadi wilaya moja ya mashariki mwa Texas. Barua za uongo zinahitaji sheria ya udanganyifu, na hiyo majaji hawawezi kuitunga, kwa sababu barua haifiki kwao.

Majimbo nayo yana ukomo. Kwa muda mrefu Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho imeshikilia kwamba sheria ya jimbo haiwezi kumwadhibu mtu kwa kudai hataza yake isipokuwa madai hayo hayana msingi wowote wa maana na yametolewa kwa nia mbaya. Kwa hiyo sheria 30 na zaidi zimesimama juu ya kizingiti kirefu, na mwandishi wa barua mwenye wakili mzuri anaweza kuandika chini yake.

Goodlatte aliurudisha muswada wake Februari 2015, ukapita kamatini ukakwama. Wa Seneti, ulioongozwa na Chuck Grassley, ulipita kamatini Juni kwa kura 16 dhidi ya 4 nao ukakwama. Mwaka huohuo Michael Burgess wa Texas alileta hatimaye muswada wa barua peke yake, TROL Act. Ulitaja barua inapaswa kuwa na nini, na uliipa FTC kazi ya kuwaadhibu wanaozituma kwa nia mbaya. Kwa malipo yake, ulitaka kuzifuta sheria za majimbo kuhusu barua hizo, ikiwemo ya Vermont, na kuacha kizingiti cha kuthibitisha nia mbaya kikiwa juu. Ulipita kamatini, haukufika kupigiwa kura na Baraza zima, na muhula wa Bunge ulipokwisha Januari 2017 nao ukaisha.

Kwa hiyo biashara ya Vermont ikipokea barua kama ile inaweza kumshtaki aliyeiandika. Iliyo katika jimbo lisilo na sheria hiyo inabaki na FTC, na sheria ya kawaida ya walaji ya jimbo lake, na wakili itakayemlipa yenyewe.